Mume wangu alifungwa. Sasa nani atampa kazi?



Mwezi uliopita tuliongea habari za akaunti ya pamoja, na inaonekana niliwagusa penyewe, maana meseji zilikuwa nyingi kupita kawaida. Wengine mlinipa vidonge vyangu, na ninyi mliosema navunja ndoa za watu nimewasikia pia. Lakini kulikuwa na meseji moja ambayo haikuhusu akaunti wala hela. Ilitoka kwa dada mmoja wa hapa hapa Dar, miaka 27, ameajiriwa, ana mchumba fundi umeme wa magari. Jamaa alifungwa mwaka mmoja na nusu kabla hawajajuana. Kazi anaijua, vyeti anavyo, ila kila anakoomba, wakishajua tu, basi, simu haipigwi tena. Sasa anataka dada huyu awaambie wazazi wake kwamba ile miaka alikuwa Mwanza kwa kaka yake. "Dada, nimuache au nidanganye?"

Nilimjibu mistari mitatu. Fuata moyo wako, mpe muda, muombeane. Nikaisoma kabla ya kutuma, nikaona aibu, nikaifuta. Nilikuwa nazuga tu.

Kwa sababu miaka yote hii nimekuandikia kuhusu mume wangu. Unajua anakoroma. Unajua hali bamia. Unajua ni fundi wa AC na mafriji, na kwamba friji inayokaa mbovu muda mrefu kuliko zote mjini ni ya kwetu. Kitu ambacho sijawahi kukuambia ni kwamba kuanzia mwaka 2014 hadi 2016 alikuwa mfungwa.

Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Alikaa kimya, akaendelea kumenya chungwa lake, halafu akasema, "Andika. Jina langu usiweke. Na andika kwamba niliiba kweli, usije ukanipamba."

Basi, aliiba kweli. Alikuwa ameajiriwa na kampuni iliyokuwa ikifunga na kuhudumia AC kwenye maofisi ya Posta na nyumba za Masaki. Yeye na dereva ndio waliokuwa na ufunguo wa stoo. Ndani ya miezi kadhaa walitoa roli tatu za mabomba ya kopa na kompresa mbili mpya, zikauzwa. Bosi alipohesabu stoo, hesabu ikagoma. Mume wangu hakubisha mahakamani. Wizi akiwa mtumishi, miaka mitatu. Sheria ya Magereza inampa mfungwa mwenye tabia nzuri msamaha wa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo alikaa miwili akatoka.

Na hapa natakiwa niwe mkweli na mimi. Kama miezi miwili hivi kabla hajakamatwa tulinunua kitanda cha mninga, sita kwa sita, chenye droo chini. Niliwaita mashosti waje kukiona. Mshahara wake nilikuwa naujua. Wangu ndio usiseme. Hesabu ile hata mtoto wa darasa la tatu angeona haijumliki. Sikuuliza. Kitanda kilikuwa kizuri.

Siku anatoka, mama mkwe alipika pilau, majirani wakaja kutoa pole, watu wakacheka, mtoto wetu akamficha uso baba yake kwa kuwa hakumkumbuka. Wiki ya kwanza ilikwisha hivyo. Jumatatu ya wiki ya pili aliamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea ya kule, akavaa, akakaa kwenye kochi. Hakuwa na pa kwenda.

Watu wanadhani tatizo la mtu aliyetoka jela ni kwamba hana ujuzi. Kwa fundi sivyo. Cheti chake cha VETA kilikuwa kwenye bahasha ile ile ya kaki chini ya godoro, na hakuna kifungo kinachofuta cheti. Jeshi la Magereza lenyewe lina chuo cha ufundi kule Ruanda, Mbeya, na wapo wanaotoka gerezani wakiwa mafundi seremala au wachomeleaji wazuri kuliko walivyoingia. Kwa aliyejifunza kazi kwa mikono bila kukaa darasani, VETA wana utaratibu wa kumpima na kuutambua ujuzi wake. Kwa hiyo ujuzi si ishu. Ishu ni kwamba fundi anaingia ndani kwako.

Hebu fikiria. Fundi wa AC anaingia chumbani kabisa. Anapanda juu ya kabati, anaona saa yako, anaona dawa zako kwenye meza ya kitanda, anajua mnatoka saa ngapi na dirisha lipi halifungi vizuri. Huyo mtu aliwahi kuiba. Mimi ningemkaribisha? Kabla ya mwaka 2014, shoga yangu, nisingemkaribisha. Sitaki kujifanya hapa.

Kitu cha pili ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba ufundi haukusubiri. Alipoingia ndani, AC nyingi alizokuwa anazigusa zilikuwa za gesi ya R22. Hiyo ndiyo gesi inayoondolewa taratibu duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na kwa nchi zinazoendelea kama yetu mwaka uliopangwa ni 2030. Alipotoka, kila mashine mpya aliyoikuta ukutani ni R410A. Hiyo inafanya kazi kwa presha ya juu kuliko R22, karibu mara moja na nusu na zaidi, kwa hiyo hata geji ya zamani haifai. Na geji yenyewe tulishaiuza pamoja na pampu yake ya kuvutia hewa, wakati wa kesi. Alikuwa fundi mwenye cheti, asiye na spana, wa gesi iliyokuwa inapitwa na wakati.

Sasa twende kwenye kuomba kazi.

Rafiki yake mmoja alimshauri ajaze lile pengo kwenye sivii. "Andika 2014 hadi 2016, kazi binafsi, Arusha. Nani atakwenda Arusha kuuliza?" Mimi ndiye niliyeichapa ile sivii ofisini kwangu saa ya chakula cha mchana. Nilichapa "kazi binafsi" bila hata vidole kutetemeka. Alipata kazi ndani ya wiki tatu, kampuni nzuri tu, majaribio miezi mitatu. Nilimnunulia viatu vya kazi. Nikampikia kuku.

Wiki ya tano wakawaambia mafundi wote walete hati ya tabia njema kutoka polisi, kwa kuwa walikuwa wamepata mkataba wa jengo lenye benki. Kwa asiyejua, hati ile unachukuliwa alama za vidole, zinalinganishwa na kumbukumbu. Huwezi kuiongopea. Vidole vyake vilishachukuliwa siku alipokamatwa.

Alifanya kitu cha kijinga. Hakwenda polisi, hakwenda kwa bosi. Aliacha kwenda kazini. Alizima simu. Siku nne nzima alikuwa anaondoka nyumbani asubuhi na begi lake, anakwenda kukaa Coco Beach, anarudi saa kumi na mbili jioni ananisimulia habari za kazini. Ananiambia leo kompresa ilikuwa nzito. Niligundua siku ya tano nilipompigia simu haipatikani, nikaipiga ya ofisini kwao. Yule dada wa mapokezi akaniuliza mimi, "Kwani yuko wapi huyo?"

Huo mwezi, mpenzi msomaji, nilikuandikia makala ya zawadi za kumnunulia mpenzi wako Valentine. Nakumbuka vizuri.

Baada ya hapo akaenda upande wa pili kabisa. Akaamua kusema ukweli, na akausema mapema kupita kiasi. Anapiga simu, "Habari za kazi, mimi ni fundi AC, nilifungwa miaka miwili kwa wizi, natafuta kazi." Nilimwambia, baba, hata mchumba hasalimiwi hivyo. Hakunisikia. Alipiga simu na kwenda kwenye milango kama tisa, kote ni "tutakupigia". Mahali pamoja mlinzi getini alimwambia aache hata namba asiache.

Nikaenda kumuuliza ndugu yangu mmoja mwanasheria, maana nilikuwa na hasira, nataka kushtaki mtu. Akanitolea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7. Pale imeorodheshwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwayo: rangi, kabila, dini, jinsi, ujauzito, ndoa, ulemavu, virusi vya UKIMWI, umri na mengineyo. Nikashuka na kidole mstari kwa mstari. Kufungwa hakumo. Halafu akanionyesha upande wa pili wa shilingi: Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataja kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi. Ile sivii niliyoichapa mimi, siku ingegundulika, ingeweza kutosha kumfukuzisha hata kama anafanya kazi kama malaika. "Sasa afanye nini?" nikamuuliza. Ndugu yangu akavua miwani akasema sheria haikuandikwa kumpa mtu kazi, ni ya mtu ambaye tayari anayo. Nilimnunia karibu mwezi.

Kazi ilipatikana Gerezani. Ndiyo, Gerezani ile ya jirani na Kariakoo, penye mafundi wa kila aina na kelele za nyundo tangu asubuhi. Mjomba wangu alicheka mpaka machozi: "Katoka gerezani kaenda Gerezani!" Mume wangu mwenyewe alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu siku ya pilau.

Kuna mzee pale ana karakana ya mafriji na AC, kibanda cha mabati tu, lakini kazi zinaingia. Mume wangu hakuomba ajira. Alikaa pembeni kwenye ndoo akiangalia kijana mmoja akihangaika kuchomelea bomba la kopa, likawa linavuja kila likijazwa presha. Akaomba amsaidie. Akalisafisha, akalipasha moto sawasawa, likashika mara moja. Halafu kijana akataka kujaza gesi hapo hapo, mume wangu akamzuia: kwanza pampu ivute hewa na unyevu wote utoke. Mafundi wengi wa mtaani wanairuka hatua hiyo kuwahi hela, na ndiyo maana AC yako inakufa kila baada ya miezi sita na wewe unalaumu Tanesco. Mzee alikuwa anaangalia tu, hajasema neno. Ndipo mume wangu akamwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi wewe?"

"Jela, mzee."

"Uliiba nini?"

"Kopa."

"Kiasi gani?"

"Roli tatu. Na kompresa mbili."

Mzee akamwangalia toka juu mpaka chini, akasema, "Kompresa nzito zile," kama vile hilo ndilo lililomshangaza. Kisha akamwambia njoo kesho.

Masharti yalikuwa haya. Analipwa kwa kazi, si kwa mwezi. Vifaa vinalala karakana. Nyumba ya mteja haingii peke yake. Na kila jioni, mbele ya mafundi wote, vipande vya kopa vinavyobaki vinawekwa kwenye mizani na kuandikwa daftarini. Kama una fundi ndani ya nyumba utanielewa: vile vipande vya kopa na shaba ndio bakshishi ya fundi, anavikusanya anauza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, anapata ya soda na vocha. Wenzake wote walikuwa wanaondoka navyo. Vya kwake tu ndivyo vilivyopimwa. Miezi kumi na minne.

Mwanzoni alikuwa anarudi nyumbani haongei. Nilitaka akaache. Nilisema ni udhalilishaji, mtu ameshatumikia kifungo chake, huyo mzee nani amempa uhakimu? Mume wangu akasema siku atakayoiba mtu mwingine pale karakana, hilo daftari ndilo litakalomtetea. Na kweli siku ilifika. Ilipotea mitungi miwili ya gesi, kila jicho likamgeukia yeye, mzee akafungua daftari na kuonyesha nani alikuwa wapi na kafunga na nini. Aliyechukua alikuwa mwingine. Hakuna aliyemwomba mume wangu radhi kwa kumtazama vile, lakini kesho yake alinunuliwa chai na chapati mbili, na pale Gerezani nadhani hiyo ndiyo radhi.

Sasa nikupe upande wa kwangu, ambao ni mbaya zaidi.

Mwaka 2017, mwezi wa saba, nilikuwa nafua nikakuta kwenye mfuko wa suruali yake laki moja na themanini. Mafungu ya elfu kumi kumi, yamekunjwa. Nikaacha ndoo pale pale, nikaingia ndani na zile hela mkononi, povu linadondoka kwenye zulia.

"Hizi umezitoa wapi?"

Akaniangalia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akainuka, akaenda kwenye begi, akatoa kitabu cha risiti. Kazi ya Mikocheni, AC sita, jina la mteja, tarehe, saini ya mzee. Akakiweka mezani akakifungua ukurasa wenyewe. Halafu akasema taratibu, "Leo umeniuliza. Siku ya kitanda hukuniuliza."

Nilirudi kwenye ndoo nikafua suruali ile ile mara tatu.

Kuna wanawake wengi tunaoishi na wanaume waliotoka ndani, na tunageuka kuwa askari bila kupewa gwanda. Tunapekua simu, tunahesabu hela, tunanusa. Tunasema ni kwa ajili ya kuilinda familia. Kiukweli mimi nilikuwa najilinda nisiaibike mara ya pili. Usiku ule tuliongea mpaka jogoo wa jirani akatuzomea, na tukakubaliana kitu kimoja kinachoendelea mpaka leo: kila Ijumaa, risiti zote mezani, zake na zangu. Na zangu, nasisitiza. Aligundua nanunua viatu kwa kificho. Kwa hiyo usinione najidai na akaunti ya pamoja, ilianzia huko.

Tarehe 9 Desemba 2019 tulikuwa tunaangalia sherehe za Uhuru kwenye televisheni, zilikuwa zinafanyika Mwanza, na Rais Magufuli akatangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Watu mtaani wakashangilia. Mimi nikapiga vigelegele. Mume wangu akaacha kula, akasema, "Hao wote Jumatatu hii wanatafuta kazi." Halafu akanyanyuka akaenda kupiga pasi shati lake, kwa sababu kesho yake alikuwa na intavyuu.

Intavyuu yenyewe ilikuwa ya kampuni kubwa kidogo, iliyohitaji fundi kiongozi. Alishamaliza kozi fupi ya jioni ya gesi mpya, na alikuwa na barua ya yule mzee, imeandikwa kwa mkono, mistari saba, mmoja wapo unasema "mizani yake haijawahi kupungua". Safari hii hakusema getini na hakuficha. Alifanya jaribio la vitendo kwanza, akafunga mashine, akaiwasha, ikapoa. Walipokaa mezani kuongea mshahara ndipo akasema. Ofisa utumishi, mama mmoja mtu mzima, akamuuliza, "Baba, mbona unaniambia sasa hivi wakati nilishakupitisha?"

"Kwa sababu utaniomba hati ya tabia njema, mama. Afadhali uisikie kwangu."

Alimpa kazi. Lakini usifikiri mambo yaliisha kama filamu. Alimpa mshahara chini ya ule uliotangazwa, akamwambia wazi kwamba stoo hatagusa, na kwamba kuna wateja ambao majengo yao hataingia kwa kuwa wanataka hati safi kwa kila fundi. Miezi sita ya kwanza alijua wakitaka kumwondoa wanamwondoa kirahisi, maana ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki hauanzi mpaka umalize miezi sita. Alikaa miaka mitatu. Kupanda cheo hakupanda. Waliomkuta wakampita. Na kulikuwa na mteja mmoja, mama mwenye nyumba Mbezi, aliyekuwa anamwita "mwanangu" na kumfungia maandazi aniletee, mpaka mtu akamnong'oneza. Alipiga simu ofisini akasema yule fundi asije tena. Maandazi yake yalikuwa matamu na nilimchukia, lakini nikikumbuka mimi mwenyewe na ile laki na themanini, sina mdomo wa kumsema.

Tangu 2023 amejiajiri, na ana vijana wawili. Mzee wa Gerezani ndiye aliyemuuzia pampu, kwa mkopo, na daftari la mkopo huo ninalo mimi.

Basi dada yangu wa miaka 27, unataka jibu na umelisubiri mwezi mzima. Kuhusu kumwacha, hilo siwezi kukuamulia, simjui huyo kijana. Ila wazazi wako usiwaambie habari za Mwanza. Utamkumbuka huyo kaka wa kubuni kila sikukuu, mama yako atauliza anaendeleaje, kapata mtoto wa ngapi, na siku moja utasahau mlimpa jina gani. Muombe mchumba wako aende mwenyewe, ameketi, mchana, kabla ya posa na si baada yake. Kama anaweza kumwambia baba yako usoni aliiba nini na kiasi gani, basi hata kwa mwajiri ataweza. Kama bado anasema "walinisingizia" na mahakamani alikiri, hapo ningekuwa mimi ningesubiri kwanza. Kuhusu kazi, aachane na kupiga simu. Aende gereji yenye mafundi, akae kwenye ndoo, asubiri gari lenye umeme uliowashinda. Liko, siku zote liko. Asiguse stoo hata akipewa ufunguo, auombe upewe mtu mwingine, na kila anachopokea asaini. Na wewe, swali lolote ulilonalo kuhusu hela zake, muulize siku ile ile. Usingoje kitanda.

Nilikuwa nimemaliza kuandika hapa, nataka kutuma kwa mhariri, jambo likatokea juzi Alhamisi ambalo nadhani unastahili kulijua.

Alikuja kijana nyumbani, miaka 24 au 25, ametoka ndani miezi minne iliyopita. Kaelekezwa na mtu. Anajua kuchomelea, alijifunza huko huko. Nikamkaribisha maji, nikawa nimeshaandaa tabasamu langu la mwandishi. Mume wangu akamsikiliza vizuri, akamuuliza aliiba nini, akajibiwa, kisha akamwambia, "Kwa sasa sina nafasi, mdogo wangu. Acha namba, nitakupigia."

Nitakupigia! Mlango ulipofungwa nilimgeukia sikuamini. Nikamwambia kila kitu ambacho mwanamke anaweza kusema ndani ya dakika tano. Hakujibu. Baadaye sana, taa zimezimwa, akasema gizani kwamba ana wateja arobaini na kitu waliomkubali yeye, na mmoja tu akiibiwa, watu hawatasema kijana kaiba, watasema tulijua. Nilikosa la kusema. Ana haki ya kuogopa, na mimi ndiye nilalaye kwenye nyumba inayolipiwa kodi na wateja hao.

Jana jioni karudi kutoka Kariakoo na boksi. Nikadhani pasi, maana ya kwetu imeungua. Ndani kulikuwa na mizani ndogo ya kidijitali na daftari jipya la kurasa mia.

"Dogo anaanza Jumatatu," akasema, huku anatafuta betri kwenye droo ya kitanda.

"Utampimia?"

"Nitampimia. Na za kwangu atazipima yeye."